Unga wa lishe wa vitu tisa, na mtoto ambaye kilo zimegoma

Kisa hiki nakiandika kirefu kwa sababu kwenye kazi yangu ya kushauri lishe ya watoto nakutana nacho sana, kinabadilika sura tu. Nimegeuza vitu vidogo vidogo ili wahusika wasijulikane ila msingi wa stori uko vile vile.

Mtoto wa kiume, miezi 11, wanaishi Temeke. Mama yake anauza mitumba soko la Tandika, anatoka nyumbani giza bado halijaisha na anarudi jioni, baba yuko kwenye mishemishe zake za mjini, na mtoto mchana anabaki na bibi yake mzaa baba aliyekuja kutoka Moshi kusaidia kulea. Mtoto bado ananyonya, asubuhi kabla mama hajatoka, jioni akirudi na usiku kucha. Alizaliwa vizuri tu, na miezi sita ya kwanza alikuwa anapanda kilo mpaka majirani wanamsifia. Kadi ya kliniki inasema miezi 6 alikuwa na kilo 7.6, miezi 9 kilo 8.0, miezi 11 kilo 8.1. Yaani miezi miwili kaongeza gramu mia moja tu. Hajafika kwenye eneo jekundu la kadi, na ukimwona kwa macho utasema mtoto mzima kabisa huyu, ila mstari wa uzito kwenye kadi umelala, na mstari ukilala hivyo mimi naogopa kuliko mtoto mdogo mdogo ambaye mstari wake unapanda kila mwezi.

Mama alikuja analalamika na ukweli alikuwa na haki ya kulalamika. "Dada mimi mwanangu simnyimi kitu, nampa lishe ya vitu tisa, sukari ya dukani siweki natumia asali, soda hajawahi kuonja, kila kitu asilia, sasa kwa nini haongezeki?" Vitu tisa vyenyewe: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya, karanga na mbegu za maboga, vyote vimechanganywa na kusagwa pamoja. Unga kanunua kwa mtu kwenye grupu la WhatsApp, umefungwa vizuri, una picha ya mtoto mnene anacheka.

Watu wengi hapa wanaishia kwenye unga, wanaanza kubishana uongezwe nini, kuna wanaotia lozi, korosho, ubuyu, mpaka vitu kumi na tano, kumi na saba. Mimi nikamwambia mama nenda kapike kama unavyopika siku zote, nione. Hilo ndilo nawashauri wote wanaofanya hii kazi, usiulize mtu anapika nini, mwombe apike, kwa sababu kuuliza unapata jibu la mtu anayejua unataka kusikia nini.

Akachota vijiko vinne vya chakula vya unga akatia kwenye lita moja ya maji, akakoroga, ukachemka, ukawa mwepesi kabisa unapita kwenye chujio. Akatia asali. Akamimina kwenye chupa ya chai. Alafu akaleta ile chupa ya mtoto ya kunyonyea, nikaangalia chuchu yake, tundu limeongezwa kwa sindano iliyochomwa kwenye moto ili uji upite. Nikajua tumefika.

Mahesabu yake ni haya, vumilieni kidogo. Vijiko vinne vya kujaza ni kama gramu 60 za unga. Kwenye lita moja maana yake kila robo lita ina gramu 15. Gramu moja ya unga wa nafaka inatoa karibu kalori 4, kwa hiyo robo lita ya ule uji ni kalori 60 hivi, ukiweka na asali labda 80. Tumbo la mtoto wa kilo 8 kwa mlo mmoja linabeba robo lita tu, makadirio yanayotumika ni mililita 30 kwa kila kilo ya mtoto. Sasa mtoto wa miezi 9 mpaka 11 anayenyonya vizuri anahitaji kama kalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Huyu anakunywa huo uji mara mbili, ikitokea sana mara tatu. Tumbo limejaa maji, mtoto anashiba, anageuza shingo hataki tena, bibi anasema kashiba huyu, na kweli kashiba, ila kashiba maji yenye rangi ya unga.

Kwa hiyo hata ule unga ungekuwa na vitu hamsini jibu ni lile lile. Na kwa nini uji mwepesi? Kwa sababu ya chupa! Uji mzito haupiti kwenye chuchu hata ukiitoboa, na chupa iko pale kwa sababu bibi ana miaka yake, magoti yanamsumbua, mtoto akipewa chupa analala mwenyewe kwenye mkeka ananyonya, bibi anapata nafasi ya kuosha vyombo. Ukimwambia mama "pika uji mzito" bila kugusa hiyo habari ya bibi na chupa umefanya kazi bure, atapika mzito siku mbili, bibi atauongezea maji ya moto, yataisha.

Lingine ni ile chupa ya chai. Uji unapikwa saa kumi na moja alfajiri, wa mwisho unanyweka saa tisa mchana. Chupa nyingi za mtaani mchana haziwi na moto tena, zinakuwa vuguvugu, na uji vuguvugu ni sehemu nzuri sana ya vijidudu kuzaliana. Nikauliza kuharisha, mama akasema "ya kawaida tu, meno". Mara kwa mara tangu aanze kula. Hapo uchafu wa chupa ya kunyonyea na uji wa kukaa masaa nawashuku wote wawili, na mtoto akiharisha kila mara hata kile kidogo anachokula kinapita.

Asali nikamwambia aache siku hiyo hiyo. Najua itawaudhi wapenzi wa vitu vya asili, na mimi mwenyewe asali naipenda, ila mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata ya nyuki wa porini wa Tabora, inaweza kubeba mbegu za bakteria ambao kwenye utumbo wa mtoto mchanga wanatengeneza sumu ya kulegeza misuli. Haitokei mara nyingi, ikitokea ni balaa, na hakuna sababu ya kubahatisha kwa kitu ambacho mtoto hakihitaji. Uasili wa kitu haukuambii kama ni salama kwa nani na kwa umri gani.

Sasa unga wenyewe, mana nimesema sio tatizo kubwa ila sio kwamba hauna tatizo. Mawili yananikera. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kuvunja protini, ndiyo maana soya inatakiwa ichemshwe vizuri kwanza kama nusu saa, ikaushwe, imenywe maganda ndo isagwe, na huyu aliyeuza unga kwenye grupu alipoulizwa akajibu "soya tumeichagua vizuri mama", yaani kajibu swali lingine. Kuchemka kwa uji kunasaidia kiasi ila uji wenyewe ulikuwa unaondolewa ukitokota kidogo tu.

La pili ni karanga, na mahindi pia. Sumukuvu. Ukungu unaota kwenye karanga na mahindi yaliyokaushwa vibaya au kuwekwa sehemu yenye unyevu, na sumu yake haitoki kwa kupika, haitoki kwa kukaanga, huioni wala huionji ikishasagwa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu, waliorekodiwa 68 na 20 kati yao wakafariki, na Kenya mwaka 2004 kule Makueni na Kitui na jirani zake walikufa 125. Hiyo ni ya kula nyingi kwa mkupuo. Ya kidogo kidogo kila siku inaumiza ini polepole, na watafiti wanaihusisha na watoto kudumaa. Karanga zikiwa nzima unaweza kukaa chini ukazichambua, ukatoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka, zenye ukungu, na unapunguza hatari kubwa sana kwa mikono yako tu. Zikishasagwa pamoja na vitu vingine nane na mtu usiyemjua, mchezo umeisha, unamwamini yeye. Tena karanga zikisagwa na nafaka yale mafuta yanafanya unga uchache mapema na wewe unaukalisha miezi miwili. Ndio maana wataalamu wengi wa lishe wanasema chukua nafaka moja au mbili, saga, karanga weka pembeni utie wakati wa kupika. Mahindi, mchele, ngano, mtama na uwele kwenye mfuko mmoja ni wanga ule ule umejirudia mara tano, haiongezi kitu cha maana isipokuwa bei. Nilimpigia mama hesabu, hela ya kilo mbili za ule unga inakaribia trei ya mayai, na mtoto huyu tangu azaliwe yai kala mara chache za kuhesabu.

Hapo ndipo lilipo shimo kubwa kwa maoni yangu. Akiba ya madini ya chuma anayozaliwa nayo mtoto inaelekea kuisha akifika miezi sita, maziwa ya mama yana chuma kidogo, na chuma cha kwenye nafaka na maharage mwili unakipata kwa shida kwa sababu nafaka zenyewe zina vitu vinavyokikamata. Inatakiwa nyama, samaki, dagaa, maini, mayai. Nilimwambia mama kabla ya chakula chochote aende kituo cha afya, wakampima wingi wa damu ikatoka 9.4, na kwa umri huo kituo kilikuwa kinataka kuanzia 11. Malaria hana. Wakampa dawa ya maji ya kuongeza damu na nikamsisitiza anywe mpaka mwisho kama alivyoandikiwa, mana kuna watu wakishaanza juisi ya rozela na matembele wanaona dawa ya nini. Damu ikishashuka hivyo chakula peke yake kinachelewa.

Tukaenda kwa bibi. Nilijua huyo ndiye mwenye uamuzi wa saa nane mchana, mama na mimi tukiongea mpaka kesho haisaidii. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, mmekuja kunifundisha kulea?" Nikamwambia hapana bibi, nimekuja kuuliza, hivi huko Moshi huyu baba yake mlimlisha nini alipokuwa mdogo. Bibi akacheka. Mtori, akasema, na kitawa, chakula kingine cha ndizi cha Wachaga, chupa zilikuwa za nani wakati ule? Mtori anaupika vizuri sana tena, ila mjini aliambiwa na watu kwamba lishe ya kisasa ni unga, akaona asije kuonekana mshamba kwa mkwe wake. Mama naye alidhani bibi ndiye anayeipenda chupa. Wamekaa nyumba moja karibu miezi mitano na hilo hawajaliongea.

Basi mtori ukarudi. Kwa mtoto tuliurekebisha kidogo tu: ndizi mshare tatu au nne zimenywe na kukatwa, nyama kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto ichemshwe mpaka iwe laini kabisa, kitunguu, karoti moja, ndizi ziivie kwenye ile supu, zipondwe kwa mwiko, nyama ichambuliwe nyuzi nyuzi ikatwekatwe kabisa kwa kisu irudishwe ndani, maziwa kidogo yaliyochemshwa na kijiko kimoja cha siagi au mafuta. Chumvi ya mtoto hakuna, bibi akitaka chumvi anatia kwenye sahani yake. Na hapa nawaomba sana, NYAMA YENYEWE iingie kwa mtoto. Kuna tabia ya kumpa mtoto supu na wakubwa wakala nyama, eti nguvu zote zimeshuka kwenye supu, wakati kwenye supu kuna maji, chumvi na ladha, chuma na protini vimebaki kwenye kile kipande ulichokula wewe. Nyama ikikosekana bibi anatumia dagaa, anatoa vichwa na utumbo, anaosha mchanga utoke wote, anawakausha kwenye sufuria kavu, anasaga, unga wa dagaa unakaa kwenye kopo lenye kifuniko na kijiko kimoja kinaingia kwenye mtori, kwenye boga, kwenye viazi, popote. Harufu mama aliilalamikia siku ya kwanza, mtoto hakulalamika.

Uji hatukuufuta, mtoto anaupenda na mama anaumudu asubuhi. Tuliugeuza. Unga wa dona safi na ulezi tu, uji mzito wa kukaa kwenye kijiko, karanga alizochambua na kukaanga na kusaga mwenyewe kijiko kimoja, au yai linapigwa linamiminwa kwenye uji unaotokota huku unakoroga mpaka liive kabisa. Sukari hamna, ndizi mbivu iliyopondwa inatosha utamu. Ukipiga hesabu bakuli lile lile la robo lita sasa lina gramu 35 mpaka 40 za unga pamoja na karanga, linavuka kalori 200. Tumbo ni lile lile.

Shida ikawa mtoto aliyezoea kumeza maji ghafla unampa kitu kizito, anakitema. Ndo tukaingia kwenye kimea. Nilivyoanza kumweleza bibi, unaloweka ulezi usiku kucha, unachuja, unafunika na kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue, unaanika, akanikatisha, "si kimea cha mbege hicho mwanangu, unanifundisha mimi?" Ni hicho hicho. Ulezi ukichipua unatengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga, kwa hiyo ukipika uji mzito karibu na ugali laini, ukaepua, ukauacha upoe kidogo, ukatia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea na kukoroga, baada ya dakika chache unalegea wenyewe unakuwa wa kunyweka huku unga uliomo ni ule ule mwingi. Ukiutia kwenye uji unaotokota hakuna kitakachotokea, moto unaviua vile vimeng'enya. Ukishalegea unarudisha jikoni uchemke tena, kwa usafi. Watafiti wetu walikiandikia hiki kimea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kama njia ya kuongeza nguvu kwenye uji wa watoto, na watu wa Songea na Iringa walikuwa wanalegeza togwa nacho kabla ya watafiti hawajazaliwa. Tumia ulezi, mtama uachwe kwa hili, machipukizi ya mtama yana kitu kinachotoa sumu ya sayanaidi na usipoyafikicha yote yakatoka ni hatari.

Chupa ya kunyonyea mama aliitupa mwenyewe, sikumwambia aitupe, nilimwambia akate ile chuchu aangalie ndani. Akakata. Basi.

Kikombe na kijiko vinachukua muda, hilo hatukumficha bibi. Wiki ya kwanza mlo mmoja ulikuwa unamaliza karibu dakika arobaini na mtoto nusu kachafua mkeka. Tukakubaliana bibi awe na mlo mmoja mkubwa tu wa mchana wa kulisha kwa kijiko, na katikati anampa kitu cha kushika mwenyewe, parachichi, papai, kiazi kitamu kilichochemshwa, yeye amekaa anamwangalia tu. Asubuhi na jioni ni za mama. Hiyo inafanya milo mitatu na vitafunwa, ndicho kiwango kinachotakiwa miezi 9 na kuendelea, na hakuna aliyebebeshwa mzigo asioweza.

Matokeo sasa, na niseme ukweli hayakunyooka kama kwenye vidio za watu. Kliniki iliyofuata, mwaka mmoja kamili, kilo 8.5. Wiki moja baadaye akaharisha tena, safari hii mama aliwahi, akapewa ORS na zinki akaendelea kunyonyesha na kulisha badala ya kumpumzisha tumbo kama walivyozoea. Mwezi uliofuata kilo 8.8. Damu ilipimwa tena ikawa imepanda 10.7, bado haijafika 11 ila inaelekea. Nini hasa kilichofanya kazi siwezi kukutenganishia, tumebadili uzito wa uji, nyama, chupa, dawa ya damu, vyote kwa mpigo. Ningelazimishwa kuchagua kimoja ningesema kuondoka kwa chupa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inalazimisha uji uwe maji na ndiyo ilikuwa inabeba uchafu.

Kuna mtu aliniambia kisa kama hiki ni umaskini tu, wape hela watoto watanenepa. Hela inasaidia, sibishi. Ila angalia utafiti wa taifa wa mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, na Iringa, mkoa unaolima chakula mpaka kinasafirishwa kwenda kwingine, ni zaidi ya nusu ya watoto. Njombe na Rukwa nao wako juu hivyo hivyo. Chakula kipo shambani, muda wa mama haupo, na kwenye bakuli la mtoto kinafika kile kilicho chepesi kubeba na kupika. Huyu mama wa Tandika alikuwa anatumia hela nyingi kwenye unga kuliko jirani yake ambaye mtoto wake anakula ugali na dagaa kwenye sinia la nyumbani na mstari wake unapanda.

Unga uliobaki, karibu kilo nzima, aliniuliza aufanyie nini, kuutupa unamuuma, anaweza kunywa yeye? Nikamwambia kwa soya ambayo hatujui kama ilichemshwa na karanga ambazo hatujui zilitoka wapi, mimi nisingekunywa wala nisingempa kuku. Hakufurahi. Kesho yake alimrudishia muuzaji kwenye grupu maswali mawili, soya imechemshwa muda gani na karanga zinachambuliwa na nani, akatolewa kwenye grupu.

Kinachonipa mawazo kwa sasa ni Desemba. Bibi anarudi Moshi na mama anatafuta binti wa kumsaidia kazi, na binti mgeni atapendelea chupa kama bibi alivyoipendelea, kwa sababu zile zile. Tumekubaliana bibi aondoke wiki mbili baada ya binti kufika badala ya siku anayofika, wakae jikoni pamoja, na mtoto atakuwa na mwaka na miezi kadhaa anashika kijiko mwenyewe, atakuwa anakula kwenye chakula cha nyumba kilichopondwa. Kimea bibi kasema ataacha kopo zima.